Kumchagua Mtu wa Kukushauri

  Leo nataka tuzungumze habari za mtu ambaye zamani hatukuwa na haja ya kumtafuta, kwa kuwa alikuwa karibu nasi. Siku hizi yeye ndiye anayetutafuta, tena mara nyingi kwa simu. Mtu huyo anaitwa kocha wa maisha. Wengine humwita mshauri wa maisha. Nitayatumia majina yote mawili, lakini mjue kuwa ni mtu mmoja.

Soma polepole. Ukikuta neno gumu, litie alama kwa kalamu ya risasi, kisha uendelee. Mwalimu wenu atalieleza baadaye.

Tuanze na neno lenyewe, kocha. Sote tunalijua kutoka uwanja wa mpira. Kocha hachezi. Husimama pembeni, huwatazama wachezaji, huwaambia wanapokosea, na goli likiingia, aliyelifunga ni mchezaji. (Msilichanganye na neno kochi, yaani kile kiti cha sebuleni. Mwanafunzi mmoja aliandika ubaoni kwamba timu ya mtaa wao imepata kochi mpya. Tulicheka sana, naye akacheka pamoja nasi.) Neno hili limetoka mbali. Katika nchi ya Hungaria kuna kijiji kiitwacho Kocs. Zaidi ya miaka 500 iliyopita mafundi wa huko walitengeneza magari mazuri ya kukokotwa na farasi, na magari hayo yakachukua jina la kijiji. Waingereza wakalipokea neno hilo. Katika karne ya 19 wanafunzi wa Oxford wakaanza kumwita kwa jina hilo mwalimu wa kulipwa, aliyemsaidia mwanafunzi kushinda mtihani, kana kwamba mwalimu huyo ni gari lililomchukua mpaka ng'ambo. Halafu neno likahamia michezoni. Mwisho, hasa tangu miaka ya 1990, huko Marekani na Ulaya wakatokea watu wengi wanaolipwa kumsaidia mtu kupanga maisha yake, nao wakajiita makocha. Chama chao kikubwa, International Coaching Federation, kilianzishwa mwaka 1995.

Nimeeleza asili ya neno kwa sababu moja. Gari hukupeleka unakotaka kwenda wewe. Ukipanda gari la kwenda Morogoro likakushusha Tanga kwa kuwa dereva ana shughuli zake Tanga, utasema umesaidiwa?

Sasa turudi kwetu. Pwani, msichana aliyevunja ungo alikabidhiwa kwa somo wake, au kungwi, amfundishe mambo ya utu uzima. Kijana aliyetaka kuoa alimpata mshenga wa kumsemea. Mwenye ugomvi wa mpaka wa shamba alikwenda kwa wazee. Hakuna aliyemwuliza somo cheti chake. Kwa nini? Kwa sababu watu waliijua nyumba yake. Waliijua ndoa yake, waliwajua watoto wake, walijua kama maneno yake yana ukweli au hayana. Akimpotosha mtoto wa watu, kesho yake atakutana na mama wa mtoto huyo kisimani. Aibu ndiyo iliyokuwa cheti chake.

Sisemi kwamba mashauri ya zamani yote yalikuwa mema. Wasichana wengi waliambiwa wavumilie mambo yasiyovumilika, na wengine mpaka leo wanaambiwa hivyo. Nasema tu kwamba mshauri alikaa mahali ambapo shauri lake lingemrudia. Kocha wa leo huenda anakaa mji mwingine. Unamwona katika picha, amevaa suti, anatabasamu. Shauri lake likikuvunja mguu, yeye hatausikia mlio.

Methali yetu yasema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ni kweli. Lakini methali haikutuambia mkuu ni nani, wala namna ya kumtambua. Kazi hiyo imeachwa kwetu.

Nitawaeleza jambo lililonipata mimi mwenyewe, nalo silielezi kwa furaha.

Miaka michache iliyopita, katika darasa la jioni nililokuwa nikilisimamia, alikuwamo mama mmoja mpika vitumbua. Jina lake silitaji. Mumewe alikuwa amefariki, naye alibaki na watoto watatu. Kikundi chake cha kuweka na kukopa kilikuwa kimegawana akiba ya mwaka, na fungu lake lilikuwa shilingi 640,000. Kwa mpika vitumbua hizo ni fedha nyingi. Siku moja, baada ya masomo, alinijia na karatasi mkononi. Ilikuwa ni tangazo la mafunzo ya kubadilisha maisha, chini ya kocha mmoja, mikutano sita, ada shilingi 250,000. Wakati ule mama huyu alikuwa anajua herufi na maneno mafupi tu. Akaniomba nimsomee.

Nikamsomea, kwa sauti, tangu juu mpaka chini. Karatasi ilikuwa imepigwa chapa vizuri. Sarufi yake ilikuwa safi, nukta na mkato mahali pake. Mama akaniuliza, "Mwalimu, waonaje?" Nami nikamjibu, "Mtu huyu ana elimu. Nenda tu, mama."

Basi. Sikumwuliza anataka nini. Sikumwuliza ana fedha kiasi gani, wala nani anamtegemea. Nilikuwa na diploma yangu ya chuo kikuu, nikaitazama sarufi ya karatasi, nikampima mtu kwa sarufi.

Akaenda. Aliniambia baadaye kwamba mikutano miwili ya kwanza ilikuwa ya kupendeza. Walipiga makofi, waliimba, kila mtu alisimama mbele ya ukumbi akaeleza shida zake, na wengi walilia. Katika mkutano wa tatu kocha alisema kwamba kupika vitumbua ni kazi ya mtu aliyekata tamaa. Katika mkutano wa nne yakaingizwa maboksi. Yalikuwa na sabuni na mafuta ya ngozi, ambayo kocha mwenyewe alikuwa akiyauza kwa jumla. Aliyekusudia kweli kubadilika, akasema, ataonekana leo. Mama yule akanunua maboksi mawili kwa shilingi 300,000.

Hesabuni wenyewe alibakiwa na kiasi gani. Wateja wake walikuwa watu wa vitumbua. Walikuja alfajiri na sarafu mkononi, wanakwenda kazini. Hawakuja kununua sabuni ya bei kubwa. Masika ilipofika, maboksi yalikuwa chini ya kitanda, naye alikuwa amekopa fedha ya mchele.

Alirudi darasani. Hakunilaumu. Alisema tu, "Mwalimu, tuliisoma karatasi vizuri, lakini yule mtu mwenyewe hatukumwuliza kitu." Maneno hayo sijayasahau. Tangu siku ile nimejitahidi kujifunza habari za watu hawa, wema wao na hila zao, na ninayowaambia leo ndiyo niliyopaswa kumwambia yeye jioni ile.

Kwanza, kabla ya kumtafuta mtu, litafute jambo. Fungua daftari, uandike kwa sentensi moja: nataka nini? Ukishindwa kuandika, mwambie jirani yako darasani akuandikie unavyosema. Sentensi hiyo ndiyo itakayokuonyesha mlango wa kubisha. Homa ina hospitali yake. Mahindi yaliyoingiliwa na wadudu yana afisa ugani, naye ni mtumishi wa umma aliyewekwa kwa kazi hiyo. Shamba la mirathi linalogombewa lina wakili, na kwa asiye na uwezo wa wakili, Tanzania ina Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, ambayo inawatambua wasaidizi wa kisheria wanaowasaidia watu bila malipo. Majonzi yasiyokwisha, kukosa usingizi siku nyingi, au mawazo ya kujidhuru, hayo yapeleke kwa daktari au mshauri nasaha hospitalini, tena upesi. Kocha hana kazi hapo. Na kocha aliye mwema atakuambia hivyo mwenyewe, kisha atakusindikiza mpaka kwenye mlango unaofaa.

Kazi ya kocha ni ipi, basi? Ni kwa mtu mzima wa afya, anayejua kuna mahali anataka kufika lakini kila akianza anakwama. Anataka kuacha kazi hii ashike ile, naye anaogopa. Anataka kufanya mtihani akiwa na umri wa miaka 45. Anataka kufungua duka, na kila mwaka anasema mwakani. Hakukosa maarifa tu. Amekosa mtu wa kukaa naye, amwulize maswali ambayo yeye mwenyewe hukwepa kujiuliza.

Labda mtasema jambo hili ni geni kwetu. Si geni. Mwulizeni mzee yeyote wa Tanzania aliyekuwa mtu mzima mwaka 1973. Mwaka ule palikuwa na kampeni ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu kama milioni 2 walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walikuwa wamefundishwa kabla. Hawakuwa madaktari. Wengi walikuwa watu wa kawaida wa vijiji vile vile. Walifundishwa jambo moja gumu sana, nalo ni kutohutubu. Baada ya redio kunyamaza, kazi ya kiongozi ilikuwa kuuliza: katika haya tuliyosikia, lipi liko hapa kwetu? Tutafanya nini? Lini? Wanakikundi wakajibu wenyewe, kisha wakashika majembe, wakachimba vyoo, wakafyeka majani karibu na nyumba, wakafukia madimbwi ya mbu. Kama kiongozi angewaamrisha, wangechimba choo kimoja cha kumridhisha afisa, kisha wangelala.

Kocha mwema ni kama kiongozi yule. Sasa sikilizeni mazungumzo haya mafupi. Mmoja ni fundi cherehani, wa pili ni kocha. Darasani wawili wenu wayasome kwa sauti.

FUNDI: Nataka kufungua duka langu la ushonaji, lakini kila mwaka nashindwa.

KOCHA: Mwaka jana ulifika wapi?

FUNDI: Nilifikisha cherehani mbili. Nikaiuza moja.

KOCHA: Uliiuza kwa sababu gani?

FUNDI: Mdogo wangu alitakiwa ada ya shule.

KOCHA: Na mwaka juzi?

FUNDI: (Anafikiri.) Mwaka juzi vile vile. Kaka alikuwa na harusi.

KOCHA: Kwa hiyo, shida ni cherehani?

FUNDI: Hapana. Shida ni kwamba nyumbani sijawaambia kuwa fedha ya cherehani si fedha ya nyumbani.

KOCHA: Nani aanze kuambiwa?

FUNDI: Kaka. Nikimweleza kaka, wengine watafuata.

Mmeona? Kocha hakumwambia fundi duka liwe mtaa gani. Hakumwambia habari za maisha yake mwenyewe. Wala hakumwambia awaache ndugu zake. Nalitaja hili la ndugu kwa makusudi, kwa kuwa nimewasikia makocha wanaonakili vitabu vya ng'ambo neno kwa neno, wakamwambia mtu awatupe wote wanaomrudisha nyuma. Mtu wa kwetu akiwatupa ndugu zake, siku ya msiba atazikwa na nani? Fundi yule alitafuta njia ya kusema na kaka yake. Hiyo ni njia anayoweza kuitembea.

Jambo la pili ni swali. Mtakapokutana na kocha, mwulizeni hivi: nikilikubali shauri lako, wewe utapata nini? Msiogope kuliuliza, maana kuuliza si ujinga, wala si utovu wa adabu. Akijibu, "Nitapata ada yangu tu, ukubali usikubali," jibu hilo ni zuri, liandike. Lakini ikiwa anauza sabuni, au dawa, au viwanja, au anapata fungu kwa kila mtu utakayemleta, basi huyo ni mfanyabiashara. Biashara si dhambi. Mimi nanunua samaki kila siku, ila simwulizi mwuza samaki kama leo nile samaki au maharagwe.

Swali hilo peke yake lingemwokolea mama yule shilingi 300,000. Ndiyo maana nimeliweka mbele ya mambo ya vyeti.

Sasa vyeti. Daktari ana baraza la kumsajili, na akikosa linaweza kumfutia usajili. Wakili naye ana orodha ambayo lazima jina lake liwemo. Kocha wa maisha hayuko hivyo. Katika nchi nyingi, Uingereza na Marekani zikiwamo, hakuna sheria inayomkataza mtu kuamka asubuhi, akapiga chapa kadi, akajiita kocha. Mimi naweza. Wewe pia unaweza. Kwa sababu hiyo vyama vyao vimejiwekea vipimo. Kile chama nilichokitaja kina ngazi tatu. Kocha wa ngazi ya kwanza lazima awe amefundishwa kazi hii, tena awe amekwisha kuketi na watu kwa muda wa saa 100 zilizohesabiwa. Ngazi ya pili ni saa 500. Ngazi ya juu ni saa 2,500. Na cheti kina muda wake, baada ya miaka 3 hakina budi kufanywa upya. Majina ya wenye vyeti hutazamwa katika intaneti. Kama huwezi, mwombe kijana wa nyumbani akutazamie.

Basi mwulize kocha: nani alikufundisha? Umeketi na watu kwa saa ngapi? Wako wengine wema wasio na cheti hicho, hasa katika miji yetu, nami siwezi kusema wasikilizwe wenye cheti tu. Hata diploma yangu mimi haikumsaidia mama wa vitumbua. Lakini mtu anayeudhika kwa kuulizwa alisomea wapi, huyo mwache aende na hasira zake.

Mwombe pia akukutanishe na mtu mmoja au wawili aliopata kuwasaidia. Usiridhike na picha za tangazo. Hapa kuna jibu moja linalowachanganya watu. Kocha akikuambia, "Ngoja kwanza nikawaombe ruhusa wao," usidhani anakwepa. Hiyo ni dalili njema, maana huyo anatunza siri za watu, na yako ataitunza. Yule anayekusimulia papo hapo habari za fulani na ndoa yake, kesho atamsimulia mwingine ndoa yako. Na mafunzo ya kumsimamisha mjane mbele ya ukumbi aeleze machozi yake kwa watu asiowajua, kwangu mimi si msaada hata kidogo. Mwenye ukumbi alipata onyesho, mjane akapata aibu.

Ahadi nazo zitazame. Hakuna binadamu anayeweza kukuahidi kwamba utakuwa tajiri kwa siku 90. Mwaka 2009 Tanzania tuliona mambo ya DECI. Watu waliambiwa wapande mbegu ya fedha, halafu watavuna nyingi zaidi. Waliotangulia walivuna fedha za waliofuata, mpaka serikali ilipoingilia, na wengi hawakupata tena mbegu yao. Waliopoteza hawakuwa wote watu wasiojua kusoma. Ulikuwa ni upatu tu, lakini ulivikwa maneno matamu ya shamba. Kocha wa kweli huahidi mambo madogo: nitafika saa niliyosema, nitakusikiliza, nitakuuliza uliyoyatenda juma lililopita.

Makocha wengi hukubali mazungumzo ya kwanza ya kujuana bila malipo. Yapokee. Usiende kusikiliza maneno tu, nenda ukapime. Tazama saa. Zikipita dakika 15, jiulize: nani amesema zaidi, mimi au yeye? Kama umekwisha kuambiwa habari za gari lake, na safari zake, na siku alizolala njaa kabla ya kufanikiwa, naye hajui hata una watoto wangapi, mshukuru uondoke. Tazama vile vile kama anaweza kunyamaza. Mtu akiulizwa swali zito hakosi kukaa kimya kidogo, anatafuta. Kocha mbaya hawezi kuuvumilia ule ukimya. Huujaza na maneno yake.

Kuhusu fedha nitasema kwa ufupi. Msilipe yote kwa mara moja. Lipeni mkutano kwa mkutano, na kila malipo yawe na stakabadhi. Yaandikwe mapatano: mikutano mingapi, bei gani, itakwisha lini, na ukitaka kuacha katikati itakuwaje. Akikuambia bei itapanda leo saa sita usiku, iache ipande. Wala asikukopeshe, wala usikope ili umlipe. Na pasipoandikwa siku ya mwisho, ujue huyo anakusudia kukaa nawe kama mpangaji. Anayemfundisha mtoto kutembea humshika mkono, kisha humwachia.

Najua wengi wenu mnasema moyoni: fedha za kocha tutazitoa wapi? Swali hilo ni la haki, na pengine ndilo lililo karibu zaidi na maisha yetu kuliko yote niliyosema. Wengi wetu hatutamlipa kocha hata siku moja. Lakini kila mtu huomba shauri, na vipimo ni vile vile. Usimchague mtu kwa mvi zake peke yake, wala kwa suti, wala kwa diploma. Tafuta mtu aliyewahi kulifanya jambo unalolitaka, hasa yule aliyeanguka mara moja au mbili akainuka, kwa kuwa huyo anajua shimo liko wapi. Asiwe mwenye faida katika uamuzi wako. Shemeji anayelitaka shamba si mtu wa kumwuliza kama shamba liuzwe. Na asiwe mchukuaji wa habari. Kumjua ni rahisi: je, amewahi kukuletea siri za watu? Ukimpata, mwamkie kwa adabu, mwombe nusu saa ya wakati wake, na umwambie wazi, "Sitaki uniamulie, nataka uniulize maswali." Wazee wengine watashangaa kidogo. Watazoea.

Mama wa vitumbua ndivyo alivyofanya, wala si mimi niliyemwonyesha. Alikwenda kwa bibi mmoja mwuza samaki sokoni, aliyewahi kupoteza mtaji wake wote mara mbili. Bibi yule hakumpa hotuba. Alimwuliza, "Vitumbua vyako huisha saa ngapi?"

Akajibu, "Saa moja na nusu asubuhi, bibi."

"Na wale wanaopita saa tatu wanakula nini?"

Mama aliniambia kwamba aliduwaa. Miaka yote hiyo alikuwa akizima moto saa moja na nusu, anarudi nyumbani, na wanafunzi na mafundi wanapita mbele ya jiko la baridi. Siku hizi anapika mara mbili. Deni la mchele amelimaliza. Sabuni aliziuza moja moja kwa bei ya kununulia, zilichukua muda mrefu, na zilizobaki wanazifulia nyumbani. Karatasi sasa anasoma mwenyewe. Juzi alinisomea mkataba wa kibanda chake, akanionyesha kwa kidole mahali palipoandikwa kodi lakini hapakuandikwa mwisho wake ni lini.

Sasa fungueni madaftari. Kila mmoja aandike ile sentensi moja: nataka nini? Chini yake aandike jina la mtu mmoja anayemjua ambaye angeweza kumwuliza maswali juu ya jambo hilo, na mbele ya jina aandike mtu huyo atapata nini akikubali. Kama jibu ni fedha, shamba, au sifa, futa jina, uandike lingine. Majina msiyasome kwa sauti darasani, hayo ni ya kwenu wenyewe. Mkimaliza, kaeni wawili wawili kwa dakika 10. Mmoja aeleze jambo lake, na mwenzake haruhusiwi kusema neno lolote isipokuwa liwe swali. Kisha mbadilishane. Mwalimu ashike saa.

Kwaherini, ndugu zangu, mpaka kipindi kijacho.